Bustani ya Jikoni Si ya Maonyesho



Tangu Skimu ya Ekari Milioni Moja ilipoanza mwaka wa 1962, mkulima wa skimu amefundishwa kuhesabu: ekari ngapi za mahindi, ngapi za pareto, ngapi za malisho ya ng'ombe. Hesabu hiyo ni njema, kwa sababu mkopo lazima ulipwe na karo lazima ipatikane. Lakini kipo kipande kimoja ambacho watu wengi hawakihesabu, nacho ni kile kilicho nyuma ya jiko. Mara nyingi utakuta pale magugu, au mahindi yamefika mpaka mlangoni. Jioni mtoto hutumwa dukani na pesa za maziwa akanunue mboga. Hii ni aibu kwa mtu mwenye ardhi.

Wapo wengine ambao bustani wanazo, ila wamechagua vibaya. Wamepanda kabeji na nyanya tu, kwa kuwa waliziona zikipendeza katika maonyesho ya kilimo. Sisemi kwamba mimea hiyo ni mibaya. Nasema inamfaa mtu aliye na maji, dawa na nafasi. Nyanya zikipatwa na mvua nyingi na baridi, majani hupata madoa meusi yakakauka upesi kama hazikupigwa dawa. Kabeji hukaa shambani karibu miezi mitatu, nawe huikata mara moja tu.

Mimi ni karani, si Bwana Shamba, lakini naona kwamba kila mmea wa bustani ya nyumbani ungeulizwa maswali mawili kabla ya kupandwa. Je, utavumilia nikikosa kuutazama kwa juma zima wakati wa kuvuna mahindi? Je, nitachuma mara nyingi, au mara moja tu?

Sukuma wiki hujibu vizuri. Chuma majani ya chini, uache yale ya katikati, nayo itakulisha kwa miezi mingi. Kunde huchumwa majani baada ya majuma matatu au manne, kisha hutoa punje, na mizizi yake huongeza rutuba katika udongo. Mchicha na managu huota bila kubembelezwa. Acha mashina machache yazae mbegu za msimu ujao. Lakini watoto wasile matunda mabichi ya managu. Viazi vitamu hupandwa kwa vipande vya mashina ambavyo jirani atakupa bure, na vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa vina vitamini A, iliyo muhimu kwa macho ya watoto. Malenge nayo majani yake ni mboga, na tunda lililokomaa likiwekwa mahali pakavu hukaa kwa miezi. Akiba haiozi.

Hata hivyo kila mahali pana mimea yake. Kule Kinangop, penye baridi iunguzayo majani, kunde na viazi vitamu havitakufaa sana. Pale shika sukuma wiki, spinachi, vitunguu vya majani na viazi vya kizungu. Katika skimu za joto, kunde, mchicha na viazi vitamu vitangulie. Kabla ya kununua mbegu, tembea kwa majirani wakati wa kiangazi uone ni nini bado kibichi katika bustani zao.

Jambo la mwisho huenda wengine wasilipende. Wanaokuja ofisini kuulizia mbegu mara nyingi ni wanaume, lakini anayejua mboga ipi huisha kwanza nyumbani ni mama. Basi apewe kipande chake, hata kikiwa cha hatua ishirini kwa kumi tu, karibu na mahali maji ya kuoshea mboga yanapomwagwa, pamoja na samadi kutoka zizini. Yeye ndiye achague cha kupanda. Na bei ya mahindi ikipanda, asije mtu akamng'olea mboga ili aongeze mistari miwili ya mahindi. Mistari hiyo haitalipa mkopo, lakini itawapunguzia watoto chakula.

Pimeni kipande hicho sasa, kabla mvua kubwa hazijaanza.