Jiji Lisilo na Watu na Safari ya Kurudi



Kuna ubishi unaorudi kila mara tukusanyikapo: je, mchezo wa video wa mashindano ya motokari katika jiji lililo wazi wafurahisha, au waudhi? Mmoja ausifu hadi sauti imkauke. Mwenzake aliyeshindwa aiweka manete chini kwa kishindo. Wakubwa hupita na kusema kwamba ni mchezo tu. Sisi hatukubaliani nao. Waliouunda walichagua mambo mengi kwa makusudi, na machaguo hayo ndiyo yanayotufurahisha au kutuchokoza kwa saa mbili tuketipo mbele ya kioo.

Tuutwae mmoja ambao wengi wameucheza: Burnout Paradise, uliotengenezwa Uingereza na Criterion Games, ukatoka mwaka 2008, kisha ukatolewa tena mwaka 2018 baada ya kung'arishwa. Katika michezo ya mashindano ya zamani, mchezaji alipewa orodha; alichagua njia, alikimbia, alirudi kwenye orodha. Hapa hakuna orodha. Jiji lote, pamoja na milima yake ya upande wa magharibi, li wazi tangu mwanzo. Kwenye makutano ya barabara kuna taa, na kila taa ni mlango wa shindano: wasimama chini yake, wabonyeza mwendo na breki kwa pamoja, magurudumu yatoa moshi, na shindano laanza. Kati ya taa na taa kuna vizuizi 400 vya kuvunja, mabango makubwa 120 ya kupenya kwa kuruka, na miruko mikuu 50.

Kwa maoni yetu, furaha ya mchezo huu imo katika hivyo vya njiani kuliko katika mashindano yenyewe. Kijana aondoka akielekea taa fulani, aona kizuizi cha manjano katika uchochoro, aingia, uchochoro wamtoa juu ya paa la maegesho, kutoka pale aona bango. Baada ya nusu saa amesahau taa aliyokuwa akiiendea, wala hajutii. Hakuna aliyemtuma. Amelijua jiji kama mtoto anavyokijua kijiji chake, kwa kupotea ndani yake.

Kisha kuna ajali. Motokari inapogonga ukuta, mchezo hupunguza mwendo wa picha, nasi twatazama bati likijikunja na vioo vikitawanyika. Sekunde chache baadaye twarudishwa barabarani. Kosa halina uchungu mwingi, na kwa hiyo mchezaji huthubutu. Tena mchezo humlipa anayethubutu: ukienda kinyume cha njia, ukizipita motokari nyingine kwa unywele, waongezewa nguvu ya kukimbia. Hapo ndipo wazazi hushtuka, na tunawaelewa. Lakini tazameni vizuri jiji lile: hakuna mtu hata mmoja. Hakuna anayetembea kando ya barabara, na ndani ya motokari hakuna dereva. Watengenezaji waliwaondoa watu wote ili bati peke yake liumie. Furaha ile yasimama juu ya utupu huo. Mweke mama mmoja mwenye beseni kichwani kando ya njia, kama walivyo kwenye njia zetu, na mchezo wote wabadilika kuwa kitu cha kutisha.

Sasa tuseme juu ya maudhi, maana si ya aina moja.

La kwanza ni kutafuta njia. Shindano lina mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia. Katikati, kila mtu achague barabara yake. Ni uhuru mzuri. Ila ramani ni ndogo, imewekwa pembeni mwa kioo, na jina la barabara ya kukata humetameta juu kwa muda mfupi, wakati motokari yaenda mbio kupita kiasi. Ukitazama ramani, wagonga nguzo. Ukitazama njia, wapita kona. Hapa tunawaunga mkono wanaolalamika: mchezaji huadhibiwa kwa kutazama kile alichoambiwa akitazame, na adhabu isiyotokana na kosa lake haimfundishi lolote.

La pili ndilo lililozusha kelele nyingi. Mchezo ulipotoka, aliyeshindwa hakuwa na njia ya kuanza upya. Shindano limekufikisha milimani kwenye mitambo ya upepo, umekuwa wa tatu, na taa uliyoanzia iko mbali katikati ya jiji. Ukitaka kujaribu tena, uendeshe mwenyewe hadi kule. Watu walinung'unika sana, na mwaka 2009 watengenezaji wakaongeza uwezo wa kuanza upya.

Hapa tunatofautiana na wengi. Safari ile ya kurudi tunaitetea. Fikirini Forza Horizon, mchezo mwingine wa Kiingereza ulioanza mwaka 2012: humo kuna kitufe cha kurudisha wakati nyuma. Umekosea kona? Bonyeza, na kosa limefutwa. Ni raha, hatukatai, na kwa anayejifunza ni msaada. Lakini tumewaona vijana wakibonyeza kitufe kile mara sita katika kona moja, na mwishowe ushindi wenyewe hawaufurahii, wanatafuta tu mwingine. Kosa lisilogharimu chochote halikumbukwi. Katika Burnout Paradise aliyeshindwa hurudi polepole, na njiani aiona ile kona iliyomponza, mara hii akiwa na nafasi ya kuitazama.

Twakiri kwamba hoja yetu ina udhaifu. Anayecheza peke yake, mwenye saa moja tu ya umeme, ana haki ya kukasirika akitumia robo yake kuendesha kurudi alikotoka. Huyo tungempa kitufe bila ubishi.

Ila wengi wetu hatuchezi peke yetu. Manete ni moja, nasi tu kumi. Watengenezaji wenyewe waliliona jambo hili, kwani mwaka 2009 waliuza nyongeza ya kuchezwa na watu hadi wanane wakipokezana manete moja. Lakini desturi ya kwetu ilikuwa imeanza bila nyongeza yoyote: aliyeshindwa huendelea kushika manete mpaka airudishe motokari kwenye taa, ndipo ampe mwenzake. Mwendo ule wa kurudi huchukua dakika kadhaa, na katika dakika hizo mwingine humwonyesha kwa kidole, juu ya kioo, njia ya reli ambayo angeipitia.