Musalaba mu Biro ya Leta: Sisi Tunaonaje?



Tangu juma mbili kalasi yetu ya mwisho iko na mabishano, mpaka mwalimu wa hesabu alitufukuza tuende kuyamaliza chini ya mwembe. Mambo yalianza hivi. Mwenzetu mmoja alienda kutafuta cheti cha kuzaliwa mu biro moja ya Leta hapa Lubumbashi. Karani aliyemupokea alivaa musalaba mukubwa kifuani. Mbele ya kufungua hata kitabu, akamuuliza: « Weye, unasaliaka wapi? » Mwenzetu ni Mwislamu, akajibu kweli. Karani akamwambia arudi kesho. Ile kesho haijafika mpaka leo.

Basi wamoja kati yetu wakasema dawa ni moja tu: mutumishi wa Leta aache kwake musalaba, shapele, kitambala cha dini na kofia ya dini. Wakatufungulia Katiba ya 2006. Kifungu cha 1 kinasema Leta yetu haina dini. Kifungu cha 193 kinasema kazi za Leta hazina upande. Ni maneno ya nguvu, hatuyazarau.

Lakini sisi tulio wengi tunakataa, kwa sababu wazee wetu walishaionja dawa ile. Mu 1972 Mobutu alitaka watu waache majina ya ubatizo. Kadinali Malula alipopinga, ilimupasa kukaa Roma miezi kazaa. Mu 1974 Noeli haikuwa tena siku ya kupumzika. Kufika mwisho wa mwaka ule Leta ikakamata masomo ya makanisa, somo la dini likatolewa, misalaba na picha za Papa zikashushwa mu masomo, mu hospitali na mu biro. Na pale ukuta ulipobaki wazi, walitundika nini? Picha ya Mobutu! Wakubwa wa kazi walivaa sura yake juu ya abakosti, hapa kifuani, kabisa pale ambapo karani yetu anavaa musalaba wake. Leta iliyosema haitaki alama ya mutu yeyote, ilikuwa na alama yake yenyewe mu mufuko.

Mu 1977 masomo yalirudishwa kwa makanisa, kwa mapatano. Tangu pale, walimu wa masomo kama haya yetu wanalipwa na Leta, lakini asubuhi wanasali pamoja na sisi. Sasa, ninyi mnaotaka sheria ile, tuwaulize: mwalimu wetu ni mutumishi wa Leta ao wa Kanisa? Atavua musalaba saa ngapi, mbele ya sala ao nyuma? Kule Quebec, jimbo la Kanada, sheria ya 2019 inakataza walimu wa masomo ya Leta na polisi wasivae alama za dini kazini. Kwa polisi, sisi pia tulisita kidogo: yule anayeweza kukutia mu kifungo, ni vizuri uone paka nguo ya Leta juu yake. Lakini mwalimu? Karani wa vyeti?

Tena, musalaba ule haukuuliza kitu. Kinywa ndicho kiliuliza, na mukono ndio ulikataa kuandika. Mutoe karani yule musalaba, atauliza vilevile, na sisi hatutajua hata kwa nini jina « Ramazani » linamukasirisha. Sheria ikamate swali lile, na kazi iliyokataliwa. Iache shingo.

Sasa tuseme kitu ambacho hakikutupendeza. Mudada mmoja wa kalasi yetu alituuliza: « Na kama kesho mama wa kitambala cha Kiislamu anakaa pale ku gishe, mutasema vilevile? » Watu waliopiga kelele juu ya musalaba wakanyamaza kimya. Mumoja akasema: « Ile ni tofauti. » Tofauti gani, hakujua kuieleza. Tulisikia haya, maana tulifikiri tunatetea uhuru, kumbe wamoja wetu walikuwa wanatetea Waprotestanti tu. Kifungu cha 22, kinachompa kila mutu uhuru wa dini, hakina jina la kanisa ndani. Kwa hiyo tunaandika wazi: kitambala chake kibaki, kama vile musalaba wa karani unabaki, na wote wawili waandike vyeti vya watu.

Mwenzetu hajapata cheti chake. Jumatatu wawili kati yetu watamusindikiza, na karani akiuliza tunasali wapi, tumepatana tutajibu sote pamoja: « Tumekuja kwa cheti. »

Walimu na ndugu wanaowaza tofauti waandike jibu, walete karatasi kwa doyen mbele ya Ijumaa. Tutalichapa.

Doyen wa wanafunzi, kwa jina la kalasi ya mwisho