Kabla tuzike simiti, tungoje masika

Wasee, soma lebo ya chupa ya sosi. Mara nyingi utapata E415. Hiyo ni gundi ya zanthani, inatengenezwa na bakteria waliolishwa sukari. Sasa mainjinia wanaichanganya na udongo wa kujengea. Kiasi ni kidogo tu, kama asilimia 1 au 2 ya uzito, na udongo ukikauka unakuwa mgumu kweli. Simiti inachangia karibu asilimia 8 ya hewa ya kaboni tunayotoa duniani, so nawaelewa wanaoshangilia.

Shida iko kwa hilo neno "ukikauka". Gundi hii inapenda maji. Ikinyeshewa inavimba, inalainika, na nguvu nyingi inaenda. Jua likiwaka nguvu inarudi, lakini si yote. Inyeshewe tena, ikauke tena, kila mara inapungua. Shosho anaijua hii story: ukuta wake wa udongo na mavi ya ng'ombe anaukandika upya kila mvua ikiisha.

Kwa ukuta wa ndani, ama wa nje wenye paa lililotokeza vizuri, mimi niko sawa nayo. Ila usiniambie imeshinda simiti juu kipande kimekaa siku 28 kwa maabara kavu. Kiache nje Kericho, Machi mpaka Mei, halafu unipigie.