Houston Lazima Waichafue Hii Fainali

Wasee, twende moja kwa moja. Usiku wa leo kuamkia Jumanne, saa kumi kasoro dakika kumi alfajiri kwa saa za Nairobi, Houston Cougars wanacheza fainali ya March Madness ya 2025 dhidi ya Florida Gators kule San Antonio, Texas. Mimi ni Houston damu, hilo mnalijua. Na najua swali litakalojaa kwenye DM ni lile lile la kila wiki: "Kwani hii timu yako haikuboeshi?"

Leo nataka kulijibu vizuri. Kuna watu wanaangalia Houston wakikaba, wakigombania mpira sakafuni, wakishinda 62-60, halafu wanasema huo si mpira wa kikapu, ni mieleka. Mimi nasema hiyo mieleka ndiyo imewafikisha fainali, na wakijaribu kucheza kitu kingine leo, watapigwa.

Kwa wale wageni: hii ni mashindano ya vyuo vya Marekani. Timu zinaanza 68, ukipoteza mechi moja unarudi nyumbani. Hakuna mambo ya mechi saba kama NBA. Mechi ina nusu mbili za dakika 20, kwa hivyo dakika tano mbovu zinaweza kumaliza msimu mzima. Houston wamefika hapa wakiwa na ushindi 35 na vipigo vinne, na tatu kati ya hizo walizopoteza zilifika muda wa nyongeza. Wameshinda 18 mfululizo. Florida nao wamepoteza nne tu. Hapa hakuna mnyonge.

Sasa, kwa nini kijana wa Nairobi awe na presha na chuo cha Texas? Kwangu mimi historia ya Houston inapitia Lagos. Mwaka 1980 kijana mmoja Mnigeria, mrefu, aliyekuwa akicheza handiboli na kudaka mpira wa miguu, alitua Houston akiwa bado anajifunza kikapu. Jina lake Hakeem Olajuwon. Akiwa pale chuo kilifika nusu fainali mara tatu mfululizo: 1982, 1983 na 1984. Na kombe? Hakuna. Fainali ya 1983 walikuwa na Hakeem na Clyde Drexler timu moja, kila mtu akijua wanashinda, halafu North Carolina State wakawamaliza 54-52 kwa kikapu cha sekunde ya mwisho. 1984 wakafika tena, Georgetown ya Patrick Ewing ikawanyima. Hakeem alikuja kushinda NBA mara mbili, 1994 na 1995, akiwa bado jiji lile lile la Houston. Lakini chuo chenyewe mpaka leo hakijawahi kushinda hili kombe. Hii ni mara ya saba kufika Final Four. Saba! Elvin Hayes alijaribu miaka ya sitini, Hakeem akajaribu, wengine wakajaribu 2021. Kabati bado linasubiri.

Nusu fainali ya Jumamosi ndiyo ilinipa shida ya roho. Duke walikuwa na Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia hapa jirani, Uganda, na aliyecheza Olimpiki ya Paris 2024. Huyo ni ndugu yetu kabisa, na wengi wenu mlikuwa upande wake. Nawaelewa. Lakini angalieni kilichompata. Maluach ana futi saba na inchi mbili, na alimaliza mechi bila ribaundi hata moja. Sifuri. Simsemi vibaya, ataenda NBA na tutamshangilia sote. Nasema tu kwamba ukiona mtu wa urefu ule amekosa hata ribaundi ya bahati mbaya, ujue kuna watu walikuwa wanamsukuma, wanamzuia na kumuweka mgongoni kila mpira unaporuka.

Hiyo haiji hivi hivi. Kocha Kelvin Sampson ana zoezi moja maarufu: anaweka mfuniko juu ya ringi ili mpira usiingie kabisa. Kila mtupo unarudi, kila mtupo ni vita. Hebu fikiria unafanya mazoezi ya kikapu na hakuna kikapu kinachoingia. Hakuna wa kukupigia makofi, hakuna klipu ya kuposti. Unachojifunza ni kuutaka mpira ambao mwenzako ameshaukatia tamaa.

Rudini kwenye sekunde za mwisho dhidi ya Duke muone hilo zoezi likifanya kazi. Zikiwa zimebaki kama dakika nane, Duke walikuwa mbele kwa pointi 14. Zikabaki sekunde kama 35, bado wako mbele kwa sita. Watu wengi walikuwa wameshazima simu. Emanuel Sharp akatupa ya pointi tatu, ikaingia. Duke wakarudisha mpira mchezoni, Mylik Wilson akaunyakua, akatupa, akakosa. Ule mtupo uliokosa, Joseph Tugler, mwenye mikono mirefu kama ngazi ya fundi, akauchukua hewani na kuusindilia kwenye ringi. Duke wakapewa mtupo huru, wakakosa. Wakati wa kugombania huo mpira, Cooper Flagg akamchezea vibaya J'Wan Roberts, aliyekuwa ameshamziba kwa mgongo. Roberts si mtu unayemtegemea sana kwenye mitupo huru, lakini akafunga yote miwili. 68-67. Flagg akajaribu kujibu, Roberts yule yule akiwa mbele yake, akakosa. Mechi ikaisha 70-67.

Hesabu: mpira ulionyakuliwa, ribaundi, ribaundi nyingine, ukabaji. Ndani ya hizo sekunde 35, mtupo mzuri kutoka mbali ulikuwa mmoja tu, ule wa Sharp. Flagg alikuwa na pointi 27 na ndiye atakayekuwa gumzo la NBA, na bado Duke walifunga kikapu kimoja tu kutoka uwanjani kwa dakika kumi za mwisho. Kwa hivyo usiniambie ilikuwa bahati.

Lakini mimi si shabiki kipofu, na hii timu imeshanifundisha kuogopa. Mwaka 2022 Villanova waliwatoa 50-44. Mwaka 2023 walikuwa namba moja kwenye kundi lao, Miami wakawapiga 89-75. Mwaka jana tena namba moja, Jamal Shead akaumia kifundo cha mguu, Duke wakawatoa 54-51. Ukiziangalia hizo mechi tatu, unaona njia mbili za kuua Houston. Ya kwanza, wakauke wenyewe, dakika nne au tano zipite bila kikapu. Ya pili, wakutane na timu yenye magadi wenye kasi ambao hawaogopi kukabwa.

Florida ni hiyo njia ya pili ikiwa na viatu. Wanafunga karibu pointi 85 kwa mechi. Na wana Walter Clayton Jr. Huyu jamaa alipiga 30 dhidi ya Texas Tech, halafu 34 dhidi ya Auburn kwenye nusu fainali. Mara ya mwisho mtu kufunga 30 au zaidi kwenye hizo hatua mbili mfululizo ilikuwa Larry Bird, mwaka 1979. Na wasee, Texas Tech walikuwa wameshika ile mechi mkononi kabisa, zimebaki dakika chache, Clayton akawanyang'anya. Kama mnadhani Houston peke yao ndio wanajua kurudi kutoka kaburini, mmekosea timu.

Tena kama unasaka Mwafrika wa kushangilia leo, yuko upande wa pili: Rueben Chinyelu wa Florida, Mnigeria aliyepitia NBA Academy Africa. Kwa hivyo sitawaambia mshabikie Houston kwa sababu ya bara. Ningekuwa nawadanganya.

Nitawaambia kwa nini naamini timu ya mwaka huu inaweza kuvuka pale zile nyingine zilikwama. Mwaka jana Shead alipotoka, mpira ulikosa mwenyewe. Mwaka huu kuna magadi watatu. Milos Uzan, aliyehamia kutoka Oklahoma, ndiye alimaliza Purdue kwa kikapu cha sekunde ya mwisho kule Indianapolis, mbele ya mashabiki wa Purdue waliojaa uwanja. Sharp hana aibu ya kutupa hata akiwa amekosa tano. Na kuna L.J. Cryer, kijana wa Katy, hapo tu nje ya Houston, aliyefunga 26 dhidi ya Duke. Raha ya stori yake ni hii: 2021 Cryer alikuwa kwenye kikosi cha Baylor, timu iliyowatoa Houston nusu fainali na kubeba kombe. Roberts alikuwa Houston tayari wakati huo. Leo hao wawili wanavaa jezi moja, mmoja ana pete na mwingine anaitafuta. Siku hizi ambapo wachezaji wa vyuo wanahama kila msimu na pesa ipo mezani, mtu kama Roberts kubaki mahali pamoja miaka yote hii ni kitu cha kuheshimu.

Na ile hadithi ya "Houston hawajui kutupa" imepitwa na wakati. Msimu huu wamefunga karibu asilimia 40 ya mitupo yao ya pointi tatu, na hizo ni namba za juu nchi nzima. Shida yao ni kwamba mikono ikipoa, inapoa ya wote kwa pamoja.

Kuhusu Sampson, tuseme ukweli wote. Si malaika. Mwaka 2008 NCAA walimpa adhabu ya miaka mitano kwa sababu ya simu za kutafuta wachezaji kinyume cha sheria, akaenda kuwa msaidizi NBA. Houston wakamchukua 2014, timu ikiwa haina jina tena. Ana miaka 69. Akishinda leo atakuwa kocha mzee zaidi kuwahi kubeba hili kombe, akimpiga kocha wa miaka 39, Todd Golden. Unaweza kusema alistahili ile adhabu na bado ukakubali kazi aliyofanya pale. Mimi nayasema yote mawili.

Basi wakiingia uwanjani, angalieni vitu vitatu. Kwanza, Clayton akipata mpira, Houston wanatuma watu wangapi? Mimi ningetuma wawili kila mara, nimlazimishe atoe pasi. Najua Alijah Martin na Will Richard wanaweza kuniadhibu, lakini afadhali wao kuliko Clayton akiwa na moto. Pili, kasi. Ikifika mapumziko na Florida wana pointi 40, anzeni kuniombea. Wakiwa na 30, laleni usingizi wa amani, au muamke kabisa mfurahie. Tatu, dakika mbili za mwisho: mpira uwe kwa nani? Nataka uwe kwa Cryer. Uzan ana roho, lakini Cryer ana mkono, na kwenye mechi ya pointi mbili nataka mkono. La muhimu zaidi, wasikose kutupa. Hata mtupo mbaya unarudi, na mipira inayorudi ndiyo maisha yao. Mpira ukipotea bila kutupwa, zoezi la mfuniko halina maana yoyote.

Utabiri wangu: Houston 68, Florida 66. Itakuwa mbaya kwa macho. Kutakuwa na mitupo inayogonga bodi na kwenda zake, watu wakianguka kwa viwiko, refa akipiga kipenga mpaka uchoke. Usiweke bet ya nauli ya wiki kwa sababu yangu, mimi si mganga. Na kama una mtihani asubuhi, lala, klipu utazipata.

Lakini kama wewe ni yule mtu kwenye timu yenu ya shule au ya mtaa ambaye haimbwi, unayekaba mkali wao ndio rafiki yako apate kufunga, hii ndiyo fainali ya kuamkia. Kwa mara moja, watu kama wewe wako dakika 40 kutoka kwa kombe ambalo Hakeem mwenyewe hakulipata.

Niambieni mko upande gani. Na wale wa Florida, karibuni pia, tutaongea kesho saa mbili asubuhi, nikiwa na sauti au bila.