Shangazi, Nakwenda Kusomea Yale ya Utotoni

Ukitaka kujua watu wa mjini wanavyoiona saikolojia, panda daladala umwambie jirani yako kwamba unaisomea. Atakuuliza kama unajua anachowaza, kisha atauliza kama utafanya kazi na vichaa. Mwambie sasa unachukua shahada ya pili, na unasomea maumivu ya utotoni. Huyo atashuka kabla ya kituo chake!

Nina barua ya msomaji wa Tandika, jina kapuni. Ni mwalimu, digrii anayo, na anataka kupiga masta ya saikolojia. Tasnifu anataka iwe juu ya watoto waliokulia kwenye kipigo na matusi. Sababu haiko mbali. Kalelewa na shangazi, na shangazi mkono ulikuwa mwepesi: mwiko, mkanda, waya wa pasi, vyote kavionja. Kasheshe ni kwamba huyo huyo shangazi ndiye anayemchangia ada! Na kashauliza, "Mwanangu, hasa unakwenda kusomea nini?" Dada wa watu kabaki anamung'unya maneno. Sasa ananiuliza mimi, niliyeishia fomu foo, amjibu vipi.

Fomu foo haimzuii mtu kusoma, nimechimba. Stori yenyewe ilianzia mahali ambapo usingepategemea, kliniki ya kupunguza unene huko San Diego, Marekani, miaka ya 1980. Daktari Vincent Felitti aliona ajabu moja: waliokuwa wanapungua vizuri ndio waliokuwa wanatoroka matibabu. Alipowakalisha chini na kuwauliza maisha yao, wengi wakatoboa siri kwamba walidhalilishwa kijinsia wakiwa wadogo. Kwa baadhi yao unene ulikuwa ukuta. Walitaka wasiangaliwe.

Felitti akaungana na Robert Anda wa CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa. Wakawahoji maelfu ya watu waliokuwa wanatibiwa Kaiser Permanente, majibu yakachapishwa mwaka 1998. Zaidi ya nusu walikuwa wamepitia walau aina moja ya balaa utotoni: kupigwa, kutukanwa, kudhalilishwa, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi ndani ya nyumba. Waliopitia aina nne au zaidi, hatari yao ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi 12 ukilinganisha na wasiopitia hata moja. Na usidhani hao ni watu wa mabanda. Wengi walikuwa watu wazima wa maisha ya kati, bima wanayo, shule wamekwenda.

Basi watu wakaanza kujihesabia alama kama matokeo ya mtihani. "Mimi nina sita, nimekwisha." Hapana bwana! Mwaka 2020 Anda huyo huyo na wenzake waliandika kwamba hesabu ile haikutengenezwa kumpima mtu mmoja mmoja. Inasema habari za umati. Wewe uliyekaa hapo na gazeti haikujui.

Kuna mama mmoja msomi, Emmy Werner, ambaye mimi namkubali kuliko hao wote. Yeye na wenzake waliwafuatilia watoto karibu 700 waliozaliwa mwaka 1955 kisiwani Kauai, kule Hawaii, mpaka wakafika miaka 40. Waliokulia kwenye matatizo ya kupandana, kiasi cha theluthi moja walitoka watu wazima safi, wanajiamini, wanajali wenzao. Walipataje? Mambo ni mengi, ila moja lilijirudia: palikuwa na mtu mzima walau mmoja aliyemshika mtoto. Bibi, mjomba, mwalimu, yeyote.

Kwa hiyo dada yangu, shangazi usimdanganye, na wala usimwendee kama karani wa mahakama mwenye faili. Mwambie, "Shangazi, nasomea kwa nini watoto wawili wanakula fimbo nyumba moja, mmoja anaharibikiwa na mwenzake anatoka." Akikuuliza wewe uko wapi hapo, mjibu. Mkono uliokuchapa ndio uliokununulia madaftari, na yote mawili ni kweli. Ila akisema atalipa ukibadilisha mada, basi hela yake mwachie, hata kama utachelewa mwaka mzima. Masta ya kufunga mdomo ya nini?

Halafu tasnifu siyo mahali pa kulilia. Kabla hujaingia, tafuta mshauri nasaha ukae naye uongee yako yakwishe, au walau yapungue. Supavaiza kazi yake ni kusahihisha sura ya tatu.

Kazi ipo hapa hapa Bongo. Utafiti wa mwaka 2009, ambao Muhimbili, UNICEF na CDC walishiriki na ripoti ikatoka 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24 Bara na Visiwani. Wasichana karibu 3 kati ya 10, na wavulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya miaka 18. Karibu robo tatu walipigwa. Kilichonivutia ni akili waliyotumia. Eneo walikohojiwa wasichana hawakuhojiwa wavulana, ili aliyeumiza na aliyeumizwa wasije wakaulizwa mtaa mmoja. Na mlangoni walijitambulisha kwamba wanauliza habari za afya na maisha ya vijana. Fikiria wangesema "ukatili" mbele ya baba mwenye nyumba!

Na wewe utabanwa hivyo hivyo. Kibali cha maadili, ruhusa ya mzazi, kisha mtoto mwenyewe akubali. Halafu jopo litakuuliza: mtoto akianza kulia katikati ya maswali, utafanya nini? Ukijibu kwamba utampa leso, wanakurudisha nyumbani. Wanataka wasikie unasimamisha maswali, unajua ofisa ustawi wa jamii wa kata hiyo anakaa wapi, na simu ya bure ya watoto, 116, umeshaipiga mwenyewe kuhakikisha inapokelewa.