Soko Lililojengwa Upya Bila Misumari

Soko la Saint-Pierre-sur-Dives, Normandie, Ufaransa, lina asili ya zama za kati, mji huo ulipokua kando ya abasia ya Wabenediktini. Kuta zake ni za mawe. Ndani, safu za nguzo za mbao zinabeba paa kubwa la vigae. Mwaka 1944, wakati wa vita vya kuikomboa Normandie, jengo liliteketea kwa moto. Lingeweza kujengwa upya kwa zege. Badala yake, maseremala walichonga mihimili mipya na kuiunganisha kwa vijiti vya mbao, kama walivyofanya wahenga wao. Hadi leo, kila Jumatatu ni siku ya soko. Uamuzi ule ulikuwa sahihi: jengo la kale hulindwa vyema likiendelea kutumika, na ufundi wake ukirithishwa.