Uaminifu Kazini: Zawadi Hii Ni ya Nani?

Makampuni mengi siku hizi humpa mwajiriwa mpya kijitabu cha maadili ya kazi, akakisoma na kutia sahihi. Ni jambo jema, lakini halitoshi. Kampuni ya Enron ya Marekani ilikuwa na kijitabu cha namna hiyo chenye kurasa 64, kilichotolewa mwaka 2000. Desemba 2001 kampuni hiyo ilifilisika baada ya kudhihirika kwamba wakuu wake walificha madeni na kupamba hesabu. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza ajira, na wengi wao akiba za uzeeni. Sahihi walitia, kilichokosekana ni kumwogopa Yule aonaye yasiyoonwa na mkaguzi.

Sisi Waislamu tumepewa kipimo kisichohitaji kurasa 64. Imepokewa katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alimtuma mtu wa kabila la Azd, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, kukusanya Zaka kwa Banu Sulaym. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili, akadai kuwa moja ni la Waislamu na la pili ni zawadi aliyopewa yeye. Mtume s.a.w. hakulinyamazia jambo hilo. Alipanda mimbari akauliza mbele ya watu ni kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama zawadi ingemfikia huko.

Basi na tujipime. Afisa ununuzi hupelekewa mbuzi wa Idi na mzabuni. Mtunza ghala huachiwa hela ya soda ili asihesabu magunia. Mhasibu hupewa "asante" kwa kuandaa malipo ambayo ni wajibu wake kuyaandaa. Kila mmoja wao ajiulize: lau ningekuwa nimekaa kwa wazazi wangu, ningeletewa hiki? Kama jibu ni hapana, basi hakuletewa yeye. Kimeletewa kiti alichokalia, na kiti hicho ni amana. Tena mzabuni hatoi bure. Mbuzi yule atalipwa kwa bei iliyopandishwa au kwa bidhaa hafifu, na kampuni ikiyumba, wa kwanza kupunguzwa kazi ni yule asiyeonja hata mchuzi wake.

Aidha, amana si fedha tu. Sura Al-Mutaffifin inawalaani wanaotaka kupimiwa kamili nao wakiwapimia wengine hupunja. Anayedai mshahara wote mwisho wa mwezi, na huku anafika saa nne na kurefusha mapumziko ya Swala ya Adhuhuri hadi Alasiri, naye amepunja kipimo, tena kwa kuisingizia Swala.

Wako wanaojitetea kwamba mshahara hautoshi. Hatukatai kuwa waajiri wengi hudhulumu, na Uislamu umewaamuru wamlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Lakini haki hudaiwa waziwazi, kwa mazungumzo, kwa chama cha wafanyakazi, na hapa Tanzania mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; haidaiwi kwa kunyofoa gizani. Wengine husema mwajiri si Mwislamu. Hao wakumbuke usiku wa Hijra: Makureshi walikuwa wakipanga kumwua Mtume s.a.w., naye alimwacha Ali r.a. nyuma ili awarudishie watu wa Makka amana zao.

Sheria ya nchi nayo haijanyamaza. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa mwajiriwa wa kampuni binafsi kama inavyomgusa mtumishi wa umma. Hata hivyo, Mwislamu asingoje kuogopa mahakama. Akiletewa zawadi kwa ajili ya kazi yake, airudishe, au aifikishe wazi kwa mkuu wake. Asichoweza kukipokea mbele ya wenzake, asikipokee faraghani.

Katika Sura Al-Qasas, Nabii Musa a.s. alisifiwa kuwa anafaa kuajiriwa kwa mambo mawili: nguvu na uaminifu. Nguvu na ujuzi, vyeti vyetu vinaweza kuvishuhudia. Uaminifu hushuhudiwa na kazi yenyewe, na juu yake Mwenyezi Mungu. Atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotunza amana zao. Amin.